Siku Mutama Alipozunguka Akisalimia

Kila nikipita jioni kwenye vibanda vya wakaanga mihogo pale sokoni Kasulu, mawese yakaanza kutokota karaini na moshi wake mzito ukanigusa pua, mguu wangu wa kulia hukanyaga chini wenyewe. Hukanyaga kwa nguvu, nikasimama kama nguzo ya umeme, na anayenifuata nyuma hunigonga kisigino akanitolea maneno. Nitamwelezaje mtu mwenye haraka zake? Wenzangu harufu ya mawese huwakumbusha chakula. Mimi hunikumbusha breki.

Msicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa binti mdogo wa darasa la pili, kwetu Heru Juu, enzi hizo barabara ya kwenda Kibondo ikiwa bado ya udongo mwekundu, vumbi lake likikukaa nyusini hadi ukafanana na babu yako. Baba alikuwa na pikapu moja kuukuu tuliyoiita Mutama, yaani mzee, kwa Kiha cha nyumbani. Mutama alikuwa mzee kuliko Baba, na mimi naamini alikuwa mzee kuliko baadhi ya vilima vya kwetu. Chapa yake ilikwisha kung'oka zamani, hivyo kila fundi alimpa ukoo aliopenda. Milango ilifungwa kwa kamba ya katani. Honi ililia ikitaka yenyewe, hasa tukipita penye msiba. Lakini injini, ndugu zangu! Mutama akiwashwa Heru Juu, kuku wa Buhigwe waliacha kutaga.

Kwenda, basi, alijua. Kusimama ndiko kulikompa shida.

Breki za magari ya zamani zilikuwa hivi: unakanyaga, mafuta yanasukumwa ndani ya kimrija mpaka kwenye magurudumu, na huko vile vipande wanavyoviita viatu vya breki vinatanuka na kuling'ang'ania dramu la chuma. Ukikanyaga mara moja hupati kitu, unapampu kama mtu anayejaza upepo baiskeli. Sasa mafuta yenyewe ya breki yalikuwa adimu mjini kwetu kama theluji. Madereva wengine walitia maji ya sabuni. Baba alilikataa hilo, akasema sabuni ni ya kufulia. Yeye, mtoto halisi wa mkoa wa Kigoma, alitia mawese.

"Mafuta ni mafuta," alisema.

Kosa kama hilo haliwezi kufanywa na mtu wa mkoa mwingine wowote. Maana mawese, kwa baridi ya asubuhi ya huku kwetu milimani, huganda yakawa kama sabuni ya mche. Asubuhi, kwa hiyo, Mutama hakuwa na breki hata kidogo. Kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Jua likipanda, mawese yaliyeyuka, breki zikapatikana kiasi, ila yalivujia kwenye dramu la moto na kuanza kukaangika. Tulipita vijijini tukinukia kama jiko la harusi. Mbwa walitukimbiza kwa mapenzi. Watoto walitoka majumbani na sahani mkononi. Naapa, na sahani.

Breki ya mkono nayo ilikuwa na historia yake. Siku moja Baba aliivuta, ikamfuata mkononi nzima nzima. Badala ya kuitupa alinikabidhi mimi. Nilikaa katikati yake na Mama, ncha ya kile chuma nimeichomeka kwenye tundu la sakafuni, nikaambiwa, "Wewe ndiye msimamizi wa breki ya mkono. Nikisema vuta, vuta." Heshima iliyoje! Sikulala vizuri wiki nzima kwa kuifikiria kazi yangu. Na hakuna aliyenieleza kwamba kile chuma hakikuwa kimeungana na kitu chochote duniani.

Aliyekuwa hampendi Mutama ni Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Alikuwa mhunzi, mtu mpana kifuani kama mlango wa kanisa, na alimtazama Mutama kama mchinjaji anavyomtazama beberu. Alikuja nyumbani kunywa uji, akazunguka gari polepole, akigonga springi kwa kidole cha kati. "Hapa pana mapanga," alisema. "Hapa majembe. Na hili boneti, majiko mazuri kabisa." Siku Mutama alipovunja ua wake na kuingia mpaka kwenye kiwanda chake cha uhunzi, akasimama mvukutoni kama mteja, mzaha ulikwisha.

"Mdogo wangu," alimwambia Baba mbele yetu sote, "kuna siku litasimama juu ya mtu. Nalitaka."

Kwetu kaka mkubwa akisema jambo la namna hiyo, limesemwa. Baba alichoweza kuomba ni nafasi ya mwisho, na nafasi ilikuwa inakuja yenyewe: mashindano ya magari mazee, Kibondo hadi Kasulu. Wakakubaliana. Mutama akisimama juu ya mstari wa mwisho, mbele ya watu, atabaki. Akiupita, kesho yake Baba Mkubwa anakuja na nyundo.

Nilielewa uzito wa makubaliano hayo, pamoja na udogo wangu ule. Niliwahi kumwona Baba wiki ambayo Mutama alikuwa mgonjwa wa gia. Alikaa kigodani uani, ameshika ungo wa Mama kwa mikono miwili, anaukata kona kulia, anaukata kona kushoto, na midomo yake ikinguruma kidogo kidogo. Mama alimwachia ule ungo siku nzima, mchele ukabaki na mawe.

Mwenye mashindano alikuwa Bwana Salumu, mfanyabiashara wa vipuri mjini Kasulu. Babu zake walitoka pwani, naye aliongea Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi tukimsikiliza tulihisi tunasoma. Alipenda magari ya zamani kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Zawadi aliyoweka ilikuwa seti nzima ya breki mpya. Lakini wazee wa vijiji vya njiani walimwekea sharti. Walimwita, wakamkalisha, wakamwambia, "Magari yako yapite. Ila hayatatupita kama moshi. Dereva asimame, asalimie."

Asiyewajua Waha atadhani hilo ni sharti dogo. Salamu yetu si kitu cha kurusha dirishani. Unainama, unapiga makofi taratibu, unasema mwidiwe, unajibiwa mwidiwe, ndipo safari inaanza: nyumbani, watoto, wazee, mbuzi mmoja mmoja, maharage, mvua, na yule mgonjwa wa mwaka juzi. Ukikatiza umetukana. Wazee walikubaliana kwamba kwenye kila kituo, dereva akisalimia vizuri atafungiwa ukambaa wa mgomba kwenye kioo cha pembeni cha gari. Atakayefika Kasulu bila kambaa zake, hakufika. Bwana Salumu naye akaongeza sharti lake: mstari wa chokaa mbele ya soko, na gari lisimame hapo hapo, magurudumu ya mbele juu ya chokaa.

Sote tulimtazama Mutama. Gari lisiloweza kusimama lilikuwa limeingia mashindano ya kusimama.

Asubuhi ile Kibondo kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Magari yalipangwa, yamesuguliwa yakang'aa. La mbele kabisa lilikuwa la Kalisti wa Buhigwe, kijana mwenye kofia iliyotazama nyuma, gari lake likiwa na breki kali mpaka lilipiga magoti likisimama. Na sisi? Baba alikuwa amelala chini ya Mutama na Mama amechuchumaa ubavuni, anapepea jiko la mkaa. Ndiyo. Mama alibeba jiko kutoka nyumbani kuja kuyeyusha breki.

"Shemeji!" Kalisti alimpigia Mama kelele. "Mnapika chai au mnashindana?"

"Tunapika breki, mwanangu," Mama alijibu bila kugeuka. "Zikiiva tutakuonjesha."

Filimbi ikalia, magari yakaondoka, vumbi likafunika mji. Sisi tuliondoka mawese yalipoanza kulainika, wa mwisho kabisa, tukishangiliwa na watoto na mbuzi mmoja. Baba alikuwa na msemo wake wa kuendesha: "Breki ya kwanza ni akili, ya pili ni kilima, ya tatu ni Mungu." Alikuwa ameziandaa zote tatu.

Kituo cha kwanza kilikuwa mwisho wa mteremko. Tulipotokeza tukayaona magari yote yamesimama pale kama ng'ombe mnadani. Kalisti alikuwa amefika zamani, akatoa kichwa dirishani na kusema, "Oya wazee, mambo vipi!" Basi. Wazee hawakugusa hata ukambaa. Walimshusha. Wakamuuliza nyumbani kwao wapi, baba yake nani, babu yake nani, ana ng'ombe wangapi. Akasema hana ng'ombe. Lo! Walisikitika sana. Walianza kujadiliana wao kwa wao, kijana mzima atakosaje ng'ombe, na Kalisti ameinama pale, jasho linamtoka, anapiga makofi kama mtu anayeua mbu.

Nasi tulikuwa tunakuja. Baba alipampu, mguu wake ukawa kama sindano ya cherehani. Mutama alipunguza mwendo, akapunguza tena, akafika mwendo wa mtu anayetembea kwenda kisimani, na hapo akagoma kupunguza zaidi.

"Hasimami," Baba alisema kwa sauti ndogo.

"Vuta?" niliuliza, chuma mkononi.

"Subiri, mwanangu."

Mama hakusubiri. Alifungua kamba ya mlango, akakusanya khanga yake, akashuka gari likitembea kana kwamba anashuka kitandani. Akawaendea wazee ameinama, anapiga makofi, na sauti yake tamu ikaanza kuwamwagia salamu za ukoo mzima. Baba akakata usukani, tukaanza kuuzunguka uwanja wa mpira uliokuwa karibu. Tukawapita wazee. Baba akavua kofia, akainama dirishani, "Mwidiwe!" Tukaenda, tukazunguka, tukarudi. "Na mbuzi wazima?" Tukaenda. Tukarudi. "Na maharage?" Nyuma yetu mbwa wa kijiji kizima walikuwa wamejipanga, wanafuata harufu, ulimi nje, nao wakizunguka kwa adabu.

Wale wazee walinyanyuka. Nilidhani wamekasirika. Mmoja wao, mwenye koti refu la mvua, alikuwa na machozi machoni.

"Tazameni," alisema. "Tumesalimiwa na watu wengi. Nani amewahi kutuzungushia gari, kama ng'ombe wa mahari anavyozungushwa watu wamwone?"

Alikimbia mwenyewe, mzee yule, kando ya Mutama, akaufunga ukambaa kwenye kioo tukiwa tunatembea. Mama akadaka mlango, akapanda. Tukawaacha Kalisti na wenzake wanaulizwa habari za mvua.

Ikawa hivyo njia nzima. Kila kituo Mama alishuka, sisi tukazunguka: tulizunguka kisima, tukazunguka shule, mahali pamoja tukazunguka harusi, bibi harusi akatupungia mkono. Sifa zetu zilitutangulia. Kufika Makere wazee walikuwa wameshafagia mahali pa kuzungukia. Magari mengine yaliishia njiani; moja lilichemka darajani Malagarasi, likabaki pale linatoa mvuke kama sufuria ya ugali. Ni Kalisti peke yake aliyetupita tena, kwa fujo. Kila kituo alifika mbio, akafunga breki, akapiga magoti, akaulizwa mambo ya ukoo wake, akaondoka mbio zaidi kufidia muda. Alipotupita mara ya mwisho, kabla ya Kasulu, niliona magurudumu yake yanatoa moshi wa samawati. Baba aliuona pia.

"Breki zake zimechoka," alisema. "Amezifanyisha kazi kama punda. Zetu zimelala tangu asubuhi."

Mteremko wa kuingia mjini mnaujua, na kama hamuujui, niamini mimi: mbuzi wa kule hushuka kwa matako. Chini yake soko lilijaa watu, paa la kila kibanda lina watoto juu, na katikati ya barabara mstari mweupe wa chokaa. Kalisti aliushukia kama mwewe. Alikanyaga. Nilimwona akikanyaga, mwili mzima umenyooka kitini. Zile breki kali zilikuwa zimepata moto mpaka zikakosa kushika. Akaupita mstari, watu wakapisha wakipiga mayowe, akaenda kuzama kwenye lundo la magunia ya mihogo mikavu. Alitoka mweupe kama mwokaji mikate, mzima kabisa, kofia sasa imetazama mbele.

Sasa macho yote yakageuka juu, kwetu.

Baba alishuka kwa gia namba moja, ameibana kwa goti kwa sababu ilikuwa na tabia ya kuruka. Injini ililia kilio cha fisi. Tulikuja polepole, vizuri, kifalme. Na pale mteremko ulipoanza kulala, hatua chache tu kabla ya chokaa, gia ikaruka.

Mutama akawa huru. Baba akapampu, kanyagio likaenda mpaka chini na kubaki huko. Mawese yote tulikuwa tumeyakaanga njiani.

"Vuta!" Baba alisema.

Hatimaye! Nilikishika chuma changu kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikavuta kwa nguvu zote alizoniumbia Mungu. Yaliyofuata niliyasikia kwa masikio tu. Nilisikia kofia ya Baba ikivuliwa. Nikasikia sauti yake, imetulia kama ya mtu aliyeko uani kwake:

"Mwidiwe, mkubwa wangu!"

Na mbele yetu, karibu sana, sauti nzito ya Baba Mkubwa: "Mwi… diwe!" Kikasikika kishindo cha viganja kwenye boneti.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawa… jambo!" Udongo ulikuwa unakwaruzwa.

"Na mbuzi?"

"Mmoja… amezaa!"

"Mapacha?"

"Ma… pa… cha!"

"Na maharage, mkubwa wangu, maharage vipi?"

"Maharage," Baba Mkubwa alisema, na safari hii neno lilitoka zima, kwa pumzi ndefu, "maharage ni mazuri sana mwaka huu."

Nikafumbua macho. Mutama alikuwa amesimama. Magurudumu yake mawili ya mbele yalikuwa juu ya chokaa, sawasawa, kama mtu aliyepiga mguu sawa gwaridani. Soko lililipuka. Nasema lililipuka, na nadhani walitusikia Burundi. Vigelegele, masufuria, honi ya Mutama yenyewe ikajiunga bila kuombwa. Mimi nilisimama kitini na chuma changu juu, nikipokea shangwe zote, maana nilijua vizuri ni nani aliyelisimamisha gari.

Kalisti alikuja anapukuta unga. "Bwana Salumu, hapana! Gari limesimamishwa na mtu!"

Bwana Salumu alishika ndevu zake. "Waungwana, sharti langu ni gari lisimame mstarini. Sikutaja lisimamishwe na nini. Na huyu bwana hapa mbele alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa anasalimiwa!" soko lilijibu.

"Mlitaka akatize salamu?"

Ah! Kelele za kukataa ziliezua makuti. Kalisti mwenyewe aliangua kicheko, akainama mbele ya Baba, akapiga makofi, akaanza: mwidiwe, mzee wangu, nyumbani hawajambo? Njia ile ilikuwa imemfunza. Baba alimwitikia mpaka maharage.

Seti ya breki tulipewa siku hiyo hiyo. Baba Mkubwa aliulizwa na watu lini anakuja na nyundo. Alikuwa ameketi chini, anachomoa changarawe kwenye nyayo. "Nimemshika pembe mwenyewe," alisema. "Sasa nitamchinjaje?"

Mutama akafungwa breki mpya, akasimama popote alipoambiwa, na wazee wa njiani wakalalamika mwaka mzima. "Siku hizi mna dharau," walimwambia Baba. "Mnasimama tu." Ilibidi, kwa wale wenye umri mkubwa zaidi, azunguke mara moja kwa heshima.

Miaka mingi nilisimulia shuleni jinsi nilivyovuta breki. Nilisimulia na utu uzimani, katika masomo ya jioni, darasa la watu wenye wake na waume zao, wakafurahi kama watoto. Ni usiku mmoja wa darasa hilo, mwalimu akichora ubaoni nguvu zinazosukumana, mshale huku na mshale kule, nilipoona kitu. Watu wote siku ile walikuwa kando ya barabara. Baba Mkubwa peke yake alikuwa katikati, upande wa juu wa mstari, pekupeku. Mtu anayetaka gari lipite mstari hukaa pembeni akalitazama likipita. Yule alikuwa amevua viatu na kutusubiri.

Jumamosi yake nilimwendea kiwandani. Amezeeka, lakini nyundo bado anainua. Nikamuuliza, "Baba Mkubwa, siku ile ya Mutama, mbona hukukaa pembeni? Ungepata mapanga yako."

Hakuinua kichwa. Aligeuza chuma motoni, akakigonga, akakigeuza tena.

"Nilikusalimia na wewe siku ile, kwa macho," alisema. "Uliyekuwa umekaa katikati. Ulifumba macho, hukuitikia."

Niliweka mkoba wangu chini. Nikainama, nikapiga makofi taratibu, nikaanzia mwanzo kabisa, kwa mwidiwe, nikateremka naye hadi kwa mbuzi mmoja mmoja. Aliiweka nyundo kando, akajibu yote.